Hewa ya Wizi Chini ya Boneti

Husemwa sana kwenye magereji kwamba magari ya zamani yalikuwa mepesi kutengeneza: fundi alitega sikio, akasikia mluzi, akakaza bolti, kazi ikaisha. Kauli hiyo ni ya kweli kwa kipindi kimoja tu. Ugumu wa kujua injini inavutia wapi hewa isiyotakiwa uliletwa na watengenezaji wenyewe, kila walipoibebesha injini mpira mwingine. Pistoni inaposhuka huku kipepeo cha kabureta kimefungwa, ndani ya manifoldi hubaki mvuto mkubwa usiolipiwa chochote, na cha bure hakikosi watumiaji, kila mmoja na mpira wake. Ulichezesha waipa, ambazo zilizorota mlimani kwa sababu dereva akikanyaga mafuta mvuto hupungua. Mwaka 1927 Mbelgiji Albert Dewandre akauingiza kwenye breki. Distribyuta nayo ikapewa kidude cha kuwahisha cheche kwa mvuto huohuo.

Mipira hiyo ilikuwa ya kuhesabu, na geji moja ya mvuto ilitosha. Injini nzima ikiwa sailensa, yaani ikiwaka bila kukanyagwa, mshale hutulia kati ya inchi 17 na 21 za zebaki kwenye usawa wa bahari. Ukitulia chini ya hapo, huenda gasketi ya manifoldi inapitisha hewa. Ukidunda kwa mpigo, shaka huhamia kwenye valvu. Lakini hata geji haikutaka fundi mvivu wa kufikiri: kila futi 1,000 za mwinuko hupunguza takriban inchi moja, hivyo 14 inayomtia wasiwasi fundi wa Mombasa ni ya kawaida kabisa Nairobi.

Mambo yalibadilika Marekani, tena kwa sheria. California ilianza na valvu ya kurudisha mvuke wa oili ndani ya injini kwa magari ya 1961, kisha ikaja Sheria ya Hewa Safi ya 1970. Moshi ulitakiwa upungue, ilhali kabureta haikuwa na ubongo wa kuupunguza. Mvuto ukafanywa ubongo: valvu za joto zilifungua mpira huu injini ikiwa baridi na ule ikishapata moto, na ramani ya mipira ikabandikwa chini ya boneti. Hapo ndipo sikio liliposhindwa, maana ufa mdogo haupigi mluzi, na mpira mwingine huvuja tu valvu yake inapofunguka. Fundi alibaki kubana mmoja baada ya mwingine, au kupulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio na kusikiliza kama mzunguko unabadilika, jambo la hatari karibu na eksozi yenye moto. Tabia ya kuutegemea mvuto ilivuka hadi kwenye dizeli, ambayo haina mvuto wa kutosha kwenye manifoldi. Mercedes-Benz W123 za dizeli zilifungwa pampu ya kuutengeneza, ikihudumia breki, kufuli za milango na hata kuzimisha injini. Kidude cha kufuli kikipasuka mlangoni, ufunguo ulizungushwa na injini ikaendelea kunguruma. Nani angeanzia mlangoni?

Atakayepinga atasema kompyuta ilimaliza yote haya. Haikumaliza, kwanza iliongeza utata. Mfumo wa Bosch wa kupulizia petroli, D-Jetronic wa 1967, ulipima shinikizo la manifoldi, hivyo hewa ya wizi ilihesabiwa, petroli ikaongezwa, sailensa ikapanda. L-Jetronic ya 1974 ilipima hewa yenyewe kabla haijafika kwenye manifoldi; iliyopenya baada ya kipimo haikuhesabiwa, mchanganyiko ukawa mwepesi, injini ikamisi. Tundu moja likatoa dalili mbili zinazopingana. Tangu 1996 magari mapya ya Marekani hulazimika kuwa na OBD-II, mfumo wa gari kujichunguza, na kodi yake ya hitilafu P0171 hutamka kwamba petroli ni chache kuliko hewa, bila kuonyesha mahali. Pampu dhaifu ya mafuta huileta pia, na ndiyo maana kununua sensa kwa kusoma kodi peke yake ni kutupa fedha. Fundi bado hupuliza moshi ndani ya manifoldi na kungoja aone utokee wapi. Kilichopunguza kazi hii kweli ni mota na swichi za umeme kuchukua nafasi za mipira: ilipong'olewa, na mahali pa kuvuja pakapungua.