Mathari, Jina Lililomeza Maneno

Kondakta akikosea chenji katika matatu ya Eastlands, Nairobi, haichukui muda kabla abiria kumuuliza: "Wewe umetoka Mathare?" Mtoto aliyesahau kufunga bomba huulizwa hivyo hivyo. Wakazi wa bonde la Mathare, wanaoshiriki jina na hospitali ya magonjwa ya akili na ambao hawana kosa lolote, huubeba mzaha huo mara mbili.

Hospitali yenyewe, inayoandikwa Mathari, ilifunguliwa mwaka 1910 mahali palipokuwa pakitengwa wagonjwa wa ndui. Jina la Mathari ilipewa mwaka 1924. Wagonjwa walilazwa kwa kufuata rangi zao. Mwaka 1938 ilikabidhiwa kwa J.C. Carothers, daktari ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Hilo halikumzuia kuieleza akili ya Mwafrika yeyote, mzima au mgonjwa: alimfananisha na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu. Mwaka uliofuata, askari wa serikali ya kikoloni walipoizingira mitaa ya Eastlands na kuwazoa maelfu katika Operesheni Anvil, serikali hiyo ilichapa ripoti ya Carothers iliyouchambua uasi wa Mau Mau kama tatizo la saikolojia. Yaani anayedai ardhi yake akili zimemvurugika!

Kiswahili kilichosemwa katika mitaa ya Eastlands kama Pumwani na Kaloleni hakikuwa kizembe namna hiyo. Aliyepigwa na habari ya msiba huduwaa. Anayehojiwa na polisi hubabaika, ingawa akili yake ni timamu. Aliyelemewa na kodi na karo huchanganyikiwa. Mwenye homa kali huweweseka. Kurukwa na akili ni jambo jingine kabisa. Sheng, mtoto wa mitaa hii, ilileta kuchizi na kudata, maneno matamu lakini yasiyochagua: mgonjwa amedata, na aliyependa kupita kiasi naye amedata.

Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, na mzaha wa kwenye matatu haukusikia. Mimi sina ugomvi na mzaha. Ila jirani akianza ghafla kusema ovyo usiku, huenda ni malaria imepanda kichwani au sukari imeshuka, na hapo kusema "huyu ni wa Mathare" kunaweza kumuua. Mkimbize Hospitali ya Mama Lucy au nyingine yoyote iliyo karibu, usiku huo huo.