Chipukizi anapokataa kutia saini: Sheria na mbinu za usajili

Na MWANDISHI WETU

KATIKA viwanja vya vumbi vya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, kipaji huonekana mapema kuliko karatasi. Mvulana wa miaka 16 huwachenga mabeki wa watu wazima Jumamosi asubuhi, na kufikia jioni wajumbe wa klabu wamekwisha kubisha hodi kwao.

Kinachowashangaza wajumbe hao ni kwamba mara nyingine mlango haufunguki. Mama ataka mwanawe amalize shule. Kocha wa mtaani ataka akumbukwe kwa miaka aliyomlea. Kijana mwenyewe amesikia kwamba ipo klabu nyingine itakayotoa zaidi.

Je, ukaidi huo ni hekima au ni hasara? Jibu linategemea kanuni ambazo wengi wa wanaohusika hawajapata kuzisoma.

Umri kwanza

Nchini Kenya, mtu huhesabiwa kuwa mzima anapotimiza miaka 18. Kabla ya hapo, saini yake pekee haitoshi, na mzazi au mlezi sharti ashirikishwe. Aidha, Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima na bila malipo.

Kanuni za Shirikisho la Soka Duniani (FIFA) zinakubali mchezaji wa chini ya miaka 18 awe na mkataba wa kulipwa, lakini usiozidi miaka mitatu. Kipengele chochote kinachomfunga kwa muda mrefu zaidi hakitambuliwi. Kwa mtu mzima, upeo ni miaka mitano, isipokuwa pale ambapo sheria ya nchi inaruhusu zaidi.

Kuhusu kuhamia ng'ambo, kifungu cha 19 cha kanuni hizo kinapiga marufuku uhamisho wa kimataifa wa walio chini ya miaka 18, ila katika hali chache zilizotajwa, kama vile wazazi kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na soka. Basi yeyote anayemwahidi mvulana wa miaka 15 wa Laini Saba au Gatina kwamba atacheza Ulaya mwezi ujao, aulizwe maswali mengi kabla ya kupewa pasipoti ya kijana huyo.

Vilevile, kanuni za mawakala za 2023 zinataka ridhaa ya maandishi ya mlezi kabla ya wakala kumkaribia mchezaji wa umri huo.

Mfano wa Oliech

Mfano mashuhuri wa msimamo mkali ulitoka upande wa Dagoretti, eneo ambalo Kawangware ni sehemu yake. Dennis Oliech, aliyezaliwa 1985, alianzia soka katika timu ya Dagoretti Santos, akapitia Mathare United, kisha akiwa bado kijana akaenda Qatar kuichezea Al-Arabi.

Wakati huo Qatar ilikuwa ikiwatafuta wanamichezo wa mataifa mengine ili waiwakilishe. Mwaka 2003, Mkenya Stephen Cherono alichukua uraia wa nchi hiyo, akabadili jina kuwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka uo huo akashinda dhahabu ya mbio za kuruka viunzi na maji katika mashindano ya dunia jijini Paris.

Oliech naye aliahidiwa donge nono ili abadili uraia, akakataa. Mwaka 2004 alikuwa Tunisia akiichezea Harambee Stars katika Kombe la Mataifa ya Afrika, ambako alifunga bao Kenya ilipoilaza Burkina Faso 3-0. Mwaka uo huo FIFA ilikaza kanuni kuhusu wachezaji wanaobadili uraia bila kuwa na uhusiano wa kweli na nchi wanayohamia.

Kukataa huko hakukumfungia riziki. Baadaye alihamia Ufaransa, akazichezea Nantes, Auxerre na Ajaccio. Hata hivyo, yafaa kukumbuka kwamba alikuwa na klabu tayari alipokataa. Asiye na kitu mkononi hukataa kwa gharama kubwa zaidi.

Somo kutoka besiboli

Nchini Marekani, mvutano wa aina hii umewekewa taratibu kamili. Katika besiboli ya kulipwa, timu hazigombanii chipukizi ovyo bali huwachagua kwa zamu kila mwaka. Aliyechaguliwa halazimiki kukubali. Wa shule ya upili aweza kukataa, akaenda chuoni na kuchaguliwa tena miaka kadhaa baadaye. Hiyo ndiyo silaha yake.

Tangu 2012, kila nafasi katika raundi 10 za kwanza imewekewa thamani, na jumla ya thamani hizo ndiyo akiba ya timu kwa chipukizi wake. Timu ikizidisha hulipa kodi, na ikipita asilimia tano hupoteza nafasi za uchaguzi za miaka ijayo. Chipukizi akikataa, thamani ya nafasi yake hutolewa katika akiba hiyo.

Kwa hiyo wasajili wajanja hubana kwa mmoja ili watoe kwa mwingine. Mwaka 2012 Houston Astros walimchagua Carlos Correa wa kwanza, wakaafikiana naye kwa dola milioni 4.8 ilhali nafasi hiyo ilikadiriwa dola milioni 7.2. Salio likawasaidia kumshawishi Lance McCullers, aliyetaka zaidi ya thamani ya nafasi yake.

Miaka miwili baadaye mambo yaliwaharibikia. Walimchagua Brady Aiken wa kwanza mwaka 2014, wakaafikiana, kisha uchunguzi wa kiwiko chake ukawatia shaka na wakapunguza ahadi. Aiken akakataa hadi muda ukaisha. Kwa kuwa thamani ya nafasi yake ilitoweka, chipukizi mwingine, Jacob Nix, naye akakosa fedha alizokuwa ameahidiwa.

Aiken alifanyiwa upasuaji wa kiwiko 2015, akachaguliwa tena katika nafasi ya 17, na hakuwahi kufika ligi kuu. Astros walifidiwa kwa nafasi ya pili katika uchaguzi wa 2015, wakamchukua Alex Bregman, aliyetwaa nao ubingwa 2017 na 2022.

Utaratibu huo wa zamu hauwahusu vijana wa Afrika Mashariki. Waganda Ben Serunkuma na Umar Male, waliosajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, waliingia kwa mlango wa wachezaji wa kimataifa, ambao huzungumza na timu moja kwa moja.

Meneja wa kwenye kompyuta

Hesabu hizo zimeingia hata katika michezo ya kompyuta. Katika Out of the Park Baseball, ambao toleo lake la kwanza lilitoka 1999, watu walio mbalimbali huweza kuunda ligi kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiwa meneja wa timu yake. Kila chipukizi huonyesha kiasi anachodai. Wapo wanaoridhika na thamani ya nafasi yao, wapo wanaotaka zaidi, na wapo ambao ni vigumu mno kuwapata.

Meneja mzoefu hamchagui mkaidi kabla ya kukagua akiba yake. Tofauti ni kwamba mkaidi wa kwenye skrini hana mama, hana mtihani wa kitaifa, wala hana kocha aliyemnunulia njumu.

Haki ya waliomlea

Kocha huyo wa mtaani ana haki pia. Kanuni za FIFA zinatoa fidia ya mafunzo kwa klabu zilizomlea mchezaji. Zaidi ya hayo, mwanasoka anapouzwa kimataifa kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia tano ya ada hugawiwa klabu zilizomfunza kati ya umri wa miaka 12 na 23.

Kila msimu kuanzia miaka 12 hadi 15 huipa klabu asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu kuanzia 16 hadi 23 huipa asilimia 0.5. Tuseme mchezaji anauzwa ng'ambo kwa Sh10 milioni. Timu iliyomlea tangu msimu alipotimiza miaka 12 hadi ule alipotimiza 18 inastahili Sh250,000. Kwa timu isiyo na mipira ya kutosha, hizo ni fedha nyingi.

Lakini timu isiyosajiliwa haipati chochote. Tangu Novemba 2022, FIFA imekuwa ikipitisha malipo haya katika ofisi maalumu inayotegemea kumbukumbu za usajili wa mchezaji. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Ya kuzingatia kabla ya kalamu

Kwanza, mkataba usomwe nyumbani, kwa lugha ambayo mzazi anaielewa, wala si kando ya uwanja.

Pili, uchunguzi wa afya ufanywe kabla ya kutia saini. Kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba kutegemea matokeo ya daktari, na kisa cha Aiken chaonyesha madhara ya kuchelewesha jambo hilo.

Tatu, ahadi ya karo iandikwe pamoja na mshahara. Klabu inayosema kwamba maneno yatosha haina sababu ya kuogopa kuyaandika.

Nne, mchezaji na mlezi wabaki na nakala yao.

Tano, kijana anayekataa ajue anakwenda wapi baada ya kukataa. Wa Marekani ana chuo kinachomsubiri. Wa Kibera huenda asiwe na lolote ila goti lake, na goti laweza kuvunjika Jumamosi ijayo.

Kwa klabu, njia nyepesi ya kumlainisha mkaidi ni kumuuliza anachokiogopa. Mara nyingi atajibu kwamba ni shule, na karo ya muhula mmoja ni nafuu kuliko kumpoteza.