Kicho Kimekwenda Wapi?

Katika makanisa mengi ya mijini ratiba ya Jumapili ina kipengele kiitwacho "sifa na kuabudu". Muulize kijana wa kwaya tofauti ya hayo mawili, atakujibu bila kusita: sifa ni nyimbo za kasi, za kuruka na kupiga makofi, kuabudu ni zile za taratibu, za kufumba macho. Yaani kitenzi chenye mzizi mmoja na jina Abdallah, mtumwa wa Mungu, leo kimekuwa jina la mwendo wa muziki.

Sina ugomvi na vinanda. Ninachokililia ni msamiati wa kustaajabu, ambao Kiswahili kinao tele nasi tumeuacha uchakae.

Chukua muujiza. Katika Kiarabu mzizi wake ndio uliotupa pia ajizi, ile ambayo wahenga waliiita nyumba ya njaa. Muujiza, kwa asili, ni jambo linalomwacha mtu hoi, hana uwezo wala hoja. Sasa soma mabango ya mikutano ya injili: njoo upokee muujiza wako. Hicho "wako" ndicho kilichoharibu. Jambo lililopaswa kutushinda limegeuka kifurushi cha kuchukuliwa dirishani, jina la mwenyewe limeandikwa juu.

Lakini neno nilipendalo kuliko yote ni kicho. Limetokana na kitenzi kifupi mno, -cha, ambacho siku hizi kimejificha katika kumcha Mungu, na katika methali isemayo mcha Mungu si mtovu. Wakatoliki hukutana nacho tena wanapovitaja vipaji saba vya Roho Mtakatifu, cha mwisho kikiwa uchaji wa Mungu. Ukiuliza maana utaambiwa ni hofu, na mjadala umekwisha. Mimi siridhiki. Mwenye hofu hutoroka. Mwenye kicho hubaki, tena husogea, ila kichwa ameinamisha. Musa alipoona kijiti kinawaka bila kuteketea aligeuka akaenda kutazama, kisha akaufunika uso wake. Hayo mawili kwa pamoja ndiyo kicho. Mwaka 1917 Mjerumani Rudolf Otto alitoa kitabu kizima, Das Heilige, kueleza hali hiyo inayotisha na kuvuta kwa wakati mmoja, na ikambidi aazime maneno ya Kilatini. Sisi tunalo letu, la silabi mbili, na hatulitumii.

Wapo wanaoamini kwamba mshangao uliondoka pamoja na Kilatini, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango kwa lugha za watu mwaka 1963. Siafiki. Kutoelewa si kustaajabu. Misa ya Kiswahili imetupa "fumbo la imani", na fumbo ni mtoto wa fumba. Barazani kwa washairi fumbo hufumbuliwa, na aliyelifumbua hupewa sifa zake. Hili la altareni unalielewa neno kwa neno, na bado halifumbuki. Kilatini hakikuwa na siri zaidi ya hiyo.

Wala mshangao haurudishwi kwa kuongeza spika. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Kirumi unakitaja kimya, kikiwemo kile cha baada ya komunyo, kuwa ni sehemu ya adhimisho lenyewe. Basi, ndugu zangu wapiga vinanda, dakika hiyo tuachieni.