Majina ya Sehemu za Boila katika Kiswahili

Manchira, katika Serengeti ya mkoa wa Mara, haikupata kupitiwa na reli. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na ile ya Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Nchi ya Mara ikabaki katikati, ikitegemea bandari ya Musoma. Hivyo boila iliyowajia watu wake karibu zaidi ilikuwa ya meli, wala si ya gari la moshi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa lugha yenyewe. Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896, lakini Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala 1870 hata 1888, alikwisha kuwa na meli za moshi. Kwa hiyo injini ya reli ilipofika pwani, ilikuta baadhi ya majina yakiingojea.

Bomba la kutolea moshi lilikuwa na jina tayari: dohani, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya moshi. Mahali pa moto ni tanuri, neno la Kiarabu pia, lililotumiwa na wachoma chokaa. Mvuke ni neno la Kibantu. Sehemu hizi huonekana au husikika kwa mtu aliye nje, na majina yake ni imara.

Shida huanza ndani. Birika ni chombo cha kuwekea maji, nalo lafaa kwa tangi la maji ya akiba. Bali boila si birika, maana imefungwa pande zote na mvuke huisukuma kwa nguvu. Bomba, neno lililotoka kwa Wareno, hutatiza zaidi. Nyumbani bomba huleta maji. Katika boila ya injini ya reli, mabomba hupitisha moshi wa moto, na maji huyazunguka kwa nje. Tena bomba ni pia chombo cha kuvutia maji. Fundi aambiwaye tu kwamba bomba limeharibika hajaambiwa neno.

Sehemu za usalama hutajwa kwa kazi zake: kioo cha kupimia maji, na kizibo cha risasi juu ya tanuri. Maji yakipungua hata dari ya tanuri ikawa wazi, risasi huyeyuka, mvuke ukashuka motoni na kumwonya mwendeshaji. Hapa jina lisilo wazi laweza kugharimu maisha.

Injini za mvuke zimekwisha kuondolewa katika kazi ya kawaida ya reli, ila majina yamehama: nchini Kenya stima, iliyokuwa meli, sasa ni umeme. Katika makumbusho ya reli Nairobi ipo injini namba 5918, Mount Gelai, mojawapo ya 34 zilizoundwa Manchester mwaka 1955 na 1956. Mbele ya chuma kile kila jina laweza kuwekwa juu ya kitu chake, kabla halijabaki neno tupu la kamusi.