Chembe nyeupe za damu: Kila aina na kazi yake

Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 katika kila mikrolita moja ya damu. Chembe hizo, ambazo wengi huziita askari wa mwili, hazifanyi kazi moja. Ndiyo maana idadi ya jumla pekee haitoshi kumweleza daktari hali ya kinga ya mgonjwa.

Kundi kubwa zaidi ni nyutrofili, ambazo mara nyingi huzidi nusu ya chembe nyeupe zote. Hizi hutangulia kufika penye jeraha, humeza bakteria na kufa baada ya muda mfupi. Mabaki yake ni sehemu kubwa ya usaha. Monosaiti hutoka katika mishipa ya damu na kugeuka makrofaji, ambazo humeza vijidudu na kuondoa seli zilizokufa. Eosinofili hupambana na minyoo, na huweza kuongezeka kwa wenye pumu au mzio. Besofili, zilizo chache kuliko zote, hutoa histamini, kemikali inayochangia uvimbe na mwasho.

Kundi la limfosaiti ndilo lenye kumbukumbu ya maradhi yaliyopita, na chanjo hutegemea kumbukumbu hiyo. Chembe B huzalisha kingamwili. Chembe T wasaidizi huratibu mapambano, na chembe T wauaji huangamiza seli zilizovamiwa na virusi.

Kwa hadubini ya kawaida, chembe B na T hazitofautishiki. Maabara huzitambua kwa protini zilizo juu ya utando wake: wasaidizi wana CD4, wauaji wana CD8.

Virusi vya Ukimwi hutumia CD4 kuingia ndani ya chembe wasaidizi na kuziangamiza. Wasaidizi hao wakipungua chini ya 200 kwa mikrolita, mgonjwa huwa katika hatari kubwa ya magonjwa nyemelezi, hata kama idadi ya jumla ya chembe nyeupe inaonekana ya kawaida.

Tangu mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kila aliyeambukizwa aanze dawa bila kujali kiwango cha CD4. Hata hivyo, kipimo hicho bado husaidia kumtambua mgonjwa anayehitaji uangalizi wa haraka.