Namba yenye tarakimu 617 inayolinda malipo kati ya Jinja na Mbale

Mfanyabiashara aliyeko Jinja anapofungua tovuti ya benki kwenye simu yake ili alipie kahawa ya Bugisu iliyoko Mbale, simu hiyo huhitaji kwanza uthibitisho kwamba inawasiliana na benki yenyewe, wala si tapeli aliyejivika sura yake. Katika tovuti nyingi uthibitisho huo hutegemea namba moja ndefu isiyo tasa, yaani iliyopatikana kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa. Urefu uliozoeleka ni tarakimu 617. Ukiiandika kwa tarakimu 60 kila mstari, itachukua mistari 11.

Mbinu hiyo iliasisiwa mwaka 1977 na Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, na herufi za kwanza za majina yao ya ukoo ndizo zilizoipa jina la RSA. Zao hutangazwa hadharani. Vigawo vyake viwili hubaki siri ya benki. Kuzidisha 59 kwa 61 ni kazi ya dakika moja kwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Lakini ukimpa 3,599 pekee na kumwuliza imetokana na nini, atalazimika kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine.

Ajabu ni kwamba namba yaweza kujulikana kuwa si tasa bila vigawo vyake kujulikana. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kuwa 147,573,952,589,676,412,927 si tasa, ingawa hakuweza kuigawanya. Vigawo vyake, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilitolewa na Mmarekani Frank Cole mwaka 1903.

Namba mashuhuri zaidi ya tarakimu 617 ni RSA-2048, inayoanza na 25195908 na kuishia na 357. Kampuni iliyoitangaza iliahidi dola 200,000 kwa atakayeigawanya, kisha ikafunga shindano mwaka 2007 bila mshindi. Februari 2020 watafiti wa Ufaransa na Marekani waligawanya RSA-250, yenye tarakimu 250, kwa kutumia kompyuta nyingi kwa pamoja. Kazi hiyo ingeichukua kompyuta moja ya kawaida mamia ya miaka.

Hata hivyo, ukubwa peke yake hautoshi. Namba 3,599 na 4,087 zina kigawo kimoja cha pamoja, na kukipata hakuhitaji kubahatisha. Toa ndogo kwenye kubwa, ubaki na 488. Gawanya 3,599 kwa 488, baki ni 183. Gawanya 488 kwa 183, baki ni 122. Gawanya 183 kwa 122, baki ni 61, nayo huigawanya 122 bila baki. Hiyo ni hesabu ileile ya kigawo kikubwa cha shirika ifundishwayo darasani, na hufanya kazi upesi hata kwa tarakimu 617. Mwaka 2012 watafiti walikusanya mamilioni ya namba za aina hii kutoka intaneti, wakavunja ulinzi wa makumi ya maelfu ya vifaa, kwa kuwa watengenezaji walichagua namba tasa kizembe na baadhi zikajirudia.

Huduma za pesa kwa simu zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli hazipiti njia hii. Hizo hulindwa na mtandao wa kampuni ya simu wenyewe. Wala hakuna zao, liwe refu namna gani, linalomlinda mtu aliyemtajia mpigaji simu namba yake ya siri.

Tishio la baadaye lilielezwa mwaka 1994 na Peter Shor, aliyeonyesha kuwa kompyuta ya kwanta yenye uwezo wa kutosha ingepata vigawo hivyo kwa haraka. Kompyuta ya kiwango hicho haijatengenezwa, lakini Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa kanuni mpya za usimbaji zisizotegemea ugumu wa kutafuta vigawo.