Namba zinazoanza na 076 na 074: jinsi ya kuandaa simu za biashara yako

Je, una duka, saluni au kazi ya wakala wa pesa za simu Nakivale? Au una ofisi ndogo Mbarara? Usimkatae mteja kwa sababu tu namba yake inaanza na 076 au 074. Hizo ni namba halali. Ukiacha kupokea simu yake, unapoteza mauzo. Ukikosea tarakimu moja wakati wa kutuma pesa, zinaweza kufika kwa mtu mwingine.

Kwa nini kuna namba mpya?

Namba ya simu ya mkononi Uganda ina tarakimu 10. Tatu za mwanzo zikiwa 077, zinabaki saba, yaani namba milioni 10 tu. Zikikaribia kwisha, Tume ya Mawasiliano ya Uganda (UCC) hutoa mwanzo mwingine. Hivyo MTN, iliyozoeleka kwa 077 na 078, ina pia 076. Airtel, iliyozoeleka kwa 070 na 075, ina pia 074. Nchini Kenya, tangu 2019 kuna laini zinazoanza na 010 na 011, si 07 peke yake.

Je, namba yangu ya zamani itabadilika?

Hapana. Mwanzo mpya ni wa laini mpya. Mtu akikupigia akisema namba yako "inabadilishwa" na anataka PIN yako, ni tapeli. Kata simu.

Ufanye nini?

1. Hifadhi namba zote kwa +256. Ondoa 0 ya mwanzo, andika +256, kisha tarakimu tisa zilizobaki. Usiandike +2560. Wape ndugu na wateja walio nje ya Uganda namba yako hivyo. Za kwao zianze na +243 (Kongo), +250 (Rwanda), +257 (Burundi) au +254 (Kenya).

2. Hesabu tarakimu. Mteja akikutajia namba, iandike, kisha msomee tena yote. Usibadilishe 076 kuwa 077 ukidhani amekosea.

3. Kagua orodha ya kwenye kompyuta. Weka safu ya namba za simu iwe ya maandishi. Ikiwa ya hesabu, 0 ya mwanzo hupotea.

4. Kagua simu za ofisi. Simu ya mezani ya Mbarara huanza na 0485, kisha tarakimu sita. Baadhi ya mashine za simu za ofisi zimepangwa kuruhusu namba za zamani tu. Mwombe fundi afungue 074 na 076, kisha jaribuni kupiga zote mbili kabla hajaondoka.

5. Ukinunua laini mpya, usizime ya zamani mara moja. Badilisha kwanza kibao cha duka na risiti, na uwatumie wateja ujumbe ukitumia namba wanayoijua.

6. Kabla ya kutuma pesa, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si la unayemlipa, usiweke PIN.

Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi

Pigia huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja, na usifute ujumbe wa muamala. Ukitapeliwa, toa taarifa polisi pia. Mkimbizi anayehitaji ushauri anaweza kupiga bure 0800 323232.